Kuku wa Kijapani na Firigisi Yake

Binti yangu alikwenda Japani kusomea mchele. Ndiyo, mchele. Sisi tuliokula wali tangu utoto bila cheti tulinyamaza, maana mtoto akipewa masomo ya bure humuulizi wanamfundisha nini. Akarudi na cheti, na sufuria ya umeme ambayo ikimaliza kupika inaimba kama simu, na mapenzi ya chakula kimoja ambacho mpaka leo naona ni kazi nyingi kwa shibe ndogo. Unamchukua kuku, unamtoa mifupa yote kana kwamba imekukosea, unamponda, unamvika makombo ya mkate, unamkaanga, unamkata vipande vyembamba, unamlaza kando ya wali, halafu unammwagia mchuzi wa bizari mzito, rangi yake kama barabara zetu za Bukoto mvua ikikatika. Wajapani wanakula hivyo na wana treni za kasi. Mimi ni nani niseme kitu.

Mimi shule yangu niliifanyia nje ya darasa, dirishani, nikiwa na mdogo wangu mgongoni. Kwa hiyo nikiandika vibaya, laumuni dirisha.

Sasa, binti huyu alikuwa amepata mchumba. Si kwamba nilikuwa nimekata tamaa, lakini majirani walikuwa wamenisaidia kukata. Kijana wa Kiganda, kwao Lubaga, mpole mpaka unamwonea huruma. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, dada ya baba. Na shangazi akasema neno lake mapema: kabla watu hawajaanza kushona nguo za sherehe ya kujitambulisha, yeye na kaka yake mkubwa, baba mkubwa wa kijana, watakuja kwangu Jumapili mchana, wale chakula kilichopikwa na binti kwa mikono yake mwenyewe. Akikubali, ndoa ipo. Akikataa, kijana atalia, lakini atatii. Binti yangu alijua hivyo, na usingizi ulikuwa umemhama.

Nikamuuliza, "Utawapikia nini?"

"Kuku wa Kijapani, mama."

"Unataka kuolewa au unataka kufungua hoteli?"

"Wakinichukua, wanichukue na ninachopenda. Sitaki kuanza ndoa kwa kujifanya."

"Sisi wote tulianza kwa kujifanya, mwanangu. Ndiyo maana tulikaa."

Akacheka, lakini hakubadili. Huo ukaidi ni wa baba yake, nisisingiziwe.

Nikaona nimsaidie kwa njia yangu. Nikashuka sokoni Bukoto, nikanunua jogoo mzima, mwekundu, mwenye kiburi cha diwani, nikamfunga mguu kwenye nguzo ya baraza la nyuma. Maana mgeni wa heshima hupewa kuku mzima. Si vipande vya kuku, kuku! Anaona shingo, anaona mgongo, anaona miguu, na juu ya yote anaona firigisi. Firigisi ndiyo cheo. Kwa Baganda hivyo, na kwetu kaskazini hivyo hivyo. Tunagombana kwa mengi katika nchi hii, lakini kwamba firigisi si ya mwanamke, hapo wanaume wetu wote waliungana bila mkutano.

Marehemu mume wangu alikuwa koplo wa polisi. Ukoplo alipewa kazini, lakini ukubwa wa nyumbani alijipa kwenye firigisi. Nilipika kuku kambini miaka na miaka, nikaosha firigisi, nikaipasua, nikamenya ule utando wa njano, nikaiweka juu ya sahani yake, na ladha yake sikuijua. Aliitafuna polepole, anatazama dari, kama mtu anayeandika taarifa. Akimaliza ndipo anasema, "Haya, kuleni." Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzuri, akishiba.

Binti alipomwona jogoo akasema, "Mama, huyu wa nini? Mimi ninatumia vidari tu. Nimeshavinunua, viko kwenye friji."

"Vidari vya nani?"

"Vya kuku, mama."

"Kuku yupi? Ana shingo? Ana jina?"

"Mama!"

Jogoo akabaki amefungwa pale pale, hana kazi, kama mstaafu.

Jumapili asubuhi nikakaa kwenye kigoda jikoni kuangalia. Akatoa kirungu cha baba yake cha polisi, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaanza kuviponda vidari. Kirungu kilichotuliza maandamano ya watu wazima, leo kinatuliza nyama isiyo na mfupa. Akapaka unga, akachovya kwenye yai, akaviringisha kwenye makombo ya mkate aliouacha ukauke juu ya friji. Mchuzi nao: vitunguu mpaka vikawa kahawia, karoti, viazi, bizari, unga wa ngano uliokaangwa kwa siagi. Hapo nilikuwa bado na matumaini. Halafu akachukua tufaha, akalikuna, akalitia ndani. Tufaha! Kwenye mchuzi wa kuku! Nikajua ndoa imekwenda.

Lakini jambo moja alilifanya kwa akili, lazima niseme. Mchumba wake alimwambia kwamba shangazi, kama wanawake wengi wa rika letu, bado hali kuku. Alikatazwa utotoni akaendelea kujikataza mwenyewe, wakati wasichana wa siku hizi wanakula mpaka miguu. Basi binti akaponda viazi, akaviviringisha vidonge vya duara, akavivika makombo yale yale ya mkate, akavikaanga. Hivyo ni vya shangazi.

"Na ndizi?" nikauliza. "Mganda unamkaribisha bila matoke?"

"Kuna wali, mama."

"Wali ni mboga ya watoto wa bweni."

Wakafika, kijana nyuma yao. Shangazi mnene, gomesi ya zambarau, lile vazi lao, mabega yamesimama kama nyumba mbili. Baba mkubwa mrefu, aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha barabarani, chenye matusi yaliyolala usingizi. Shangazi Kiswahili anakisikia lakini hakisemi. Alimwambia kijana, kwa Luganda, mimi nasikia, kwamba hiyo ni lugha ya askari, watu wanaobisha mlango kwa kitako cha bunduki. Kijana akatazama ukuta. Kwa desturi yao mkwe hamtazami mama wa msichana usoni, kwa hiyo siku ile nzima alitazama ukuta wangu. Unahitaji rangi, ule ukuta. Sasa na yeye anajua.

Sala ikasomwa. Binti akapiga magoti, akaweka sahani. Baba mkubwa akashika uma, akageuza kipande kimoja, akageuza kingine. Akainua wali. Akatazama chini ya wali.

"Nyabo," akaniambia, kwao ndiyo bibi, kama ssebo ndiyo bwana, "hii ni samaki?"

"Ni kuku, ssebo."

"Kuku." Akageuza tena. "Mifupa ilikwenda wapi?"

"Wajapani wanaitoa."

"Shingo?"

"Na shingo."

"Hata mgongo?"

Na hapo hapo, kama aliyelipwa, jogoo wangu barazani akawika. Akawika vizuri, kwa sauti ndefu, mpaka mwisho wa pumzi.

Baba mkubwa akaweka uma chini. "Kuku mwenyewe ninamsikia yuko nje anawika, mzima. Sasa sisi hapa tunakula nini?"

Kijana akazidi kutazama ukuta. Binti yangu, bado amepiga magoti, uso ukawa kama unga wake.

"Mimi sina njaa ya kuku," mzee akaendelea. "Mimi nauliza firigisi. Kwetu anayekula firigisi ndiye mwenye neno la mwisho. Mmeniita niseme neno, na firigisi mmeficha. Sasa niseme kwa mdomo gani?"

Shangazi akaanza kukaza ule mkanda mpana wa gomesi kiunoni. Mwanamke wa Kiganda akikaza mkanda akiwa amekaa, jua anatafuta viatu.

Nikasema, "Ssebo, firigisi inakuja! Hiki ni cha kufungulia mdomo tu. Kwa Wajapani firigisi huja mwisho, kwa heshima." Wajapani wanisamehe. Nikawasukumia karanga na chai, nikamkamata binti mkono, tukatoka nyuma.

Nyuma tukamkuta jirani yangu, mama wa Kikongo wa Bukavu, anauza vitenge soko la Nakawa na Jumapili hupumzika kwa kusikiliza ya wenzake. Alikuwa amesikia yote, tusimsumbue kumwelezea.

"Mama wee, juu ya nini unatetemeka? Jogoo si ni ule?"

"Wageni wanasubiri!"

"Wageni wa kutafuta bibi wanangojaka. Leta kisu."

Yule mama ana mikono kama mashine. Kabla sijamaliza kumwomba jogoo msamaha, maji ya moto yameshamwagwa, manyoya yameruka, firigisi imetoka, imepasuliwa, imemenywa. Nikasema ichemshwe kwanza, maana firigisi ya jogoo mzee bila kuchemshwa ni kazi ya meno. Jirani akasema, "Hakuna wakati, mama, ule mwanamke amesimama sasa." Binti akaivika unga, yai, makombo, ikazama kwenye mafuta, ikaelea, dhahabu tupu. Akaiweka kwenye sahani kubwa katikati ya vile vidonge vya viazi vya shangazi, ili ipendeze.

Ili ipendeze! Mtu amesomea mchele mpaka akapewa cheti, haoni kwamba ameweka kitu cha duara cha dhahabu kati ya vitu vya duara vya dhahabu.

Tukaingia. Shangazi kweli alikuwa amesimama, akarudi kukaa kwa ajili ya sahani. Nikatangaza, "Firigisi hiyo, ssebo, na viazi vya nyabo." Mzee akanyoosha mgongo, akanawa tena mikono. Akachagua kile kilichokaa juu kabisa. Akafumba macho, kama marehemu wangu. Akang'ata.

Akatafuna kidogo. Akafumbua jicho moja.

"Hii ni kiazi."

Lakini wote tulikuwa tumegeukia upande wa pili wa meza. Shangazi alikuwa amechukua kidonge chake, kile alichoambiwa ni cha viazi, amekitia mdomoni kizima kwa heshima ya mpishi, na sasa anatafuna. Anatafuna. Viazi haviliwi hivyo. Taya linakwenda, linarudi, mishipa ya shingo imetoka.

Kijana, kwa mara ya kwanza, aliacha ukuta.

Nikangoja ateme. Angetema, yote yangekwisha: mwiko umevunjwa ndani ya nyumba yangu, na binti yangu ndiye aliyeuvika makombo. Binti alikuwa amenishika gauni kama alipokuwa mdogo. Baba mkubwa akasema polepole, "Dada... umekula nini?"

Shangazi akainua kidole, angoje. Akaendelea kutafuna. Akameza, machozi yakamtoka kidogo. Akanywa chai. Akamtazama kaka yake muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kichwa chenye upara.

"Ndiyo hii tu?" akasema kwa Luganda.

"Dada..."

"Nimeosha hii tangu ninajua kuosha. Nimempa baba, nimekupa wewe, nimempa mume wangu mpaka kaburini. Nikisikia mnavyoguna nikafikiri humo ndani mna mbingu. Kumbe ndiyo hii? Sandali ya tairi?"

Jirani yangu, aliyekuwa mlangoni bila kualikwa, alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nikajizuia, kisha nikashindwa. Mzee alikuwa bado ameshika nusu ya kiazi, hajui aiweke wapi.

"Haikuchemshwa, nyabo," nikasema. "Haraka."

"Haraka!" Akajipangusa mdomo. Halafu akamgeukia kaka yake tena, sasa sauti tamu, ile ya kutisha. "Ulisema anayekula firigisi ndiye nani?"

Mzee akakohoa.

"Sema, ssebo. Watu wanasikia."

"Ndiye... mwenye neno la mwisho."

"Haya."

Akamwita binti asogee. Akamtazama mikono, palipoungua mafuta kwenye kidole. Akachovya kidonge kingine, kweli cha kiazi safari hii, kwenye ule mchuzi wa tufaha, akala, akachovya tena. Halafu akageuka akanitazama mimi, mwanamke wa koplo, mtu wa kaskazini, na akasema kwa Kiswahili, kile kile cha vitako vya bunduki, kimekauka mdomoni mwake kama nguo ya sandukuni: "Mama, mimi nakubari. Mutoto hii ni yetu. Rakini siku ya harusi, matoke."

Kijana akarudi kwenye ukuta wake haraka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Harusi ilikuwepo, na matoke yalikuwepo, mengi mpaka aibu. Baba mkubwa alipewa kuku mzima ndani ya jani la mgomba, na kabla ya kula aliikata firigisi kwa kisu aone ndani. Mtu akishaumwa na nyoka, hata kamba anaikagua.

Siku hizi, Jumapili nyingine, shangazi hupanda boda kutoka Lubaga na mfuko wa firigisi, za kununua tu, hazina kuku. Tunazichemsha kwanza mpaka zilainike, tunazivika makombo kama binti alivyotufundisha, jirani anakaanga, tunakaa barazani pale alipofungwa jogoo. Shangazi anatafuna, anatazama dari. Kila mara anasema hajaona bado wanaume walikuwa wanasifu nini. Kisha anachukua nyingine.