Nyota ya Bibi Harusi

Juzi nilikuwa nangoja zamu yangu kwa mama anayepaka hina, hapa Lamu mjini. Kando yangu, msichana anayekaribia kuolewa alikuwa akimwonyesha shoga yake picha ya nyota kwenye simu. Alitaka kuchorwa tatuu, ndogo tu, pahali ambapo mama yake hataiona.

"Akijua, harusi hakuna."

"Kwenye kifundo cha mguu?" shoga akauliza.

"Nikitawadha ataiona."

"Mgongoni?"

"Na gauni langu lilivyo wazi nyuma!"

Akainua mkono, akajigusa mbavuni, akatabasamu. "Hapa. Hapa hapaoni mtu mpaka nishaolewa."

Shoga akacheka hata akashika ukuta. "Na somo wako anayekufunda je? Si atakusinga kwa liwa ya kunukia mwili mzima, shingoni hadi nyayoni? Tena ni shangazi yako, na mdomo wake ule!"

Msichana akaitazama tena ile nyota kwenye simu.

"Basi nitafutie somo asiyeona vizuri."

Nimefundisha chekechea miaka mingi. Wapo watoto wanaojifunika macho kwa viganja wakaamini hawaonekani. Nilikuwa nikiwavumilia, kwa sababu wakifika darasa la kwanza huacha.