Waya wa Breki ya Mbele

Ndugu yangu mkubwa ndiye alinifundisha kuendesha pikipiki, na kabla hajaniruhusu hata kuiwasha, aliufungua waya wa breki ya mbele. Akaukunja vizuri, akaufunga kwenye uma wa gurudumu la mbele kwa kipande cha tyubu. Halafu akagonga pedali ya mguu wa kulia kwa spana.

"Hii ndiyo breki," akasema. "Ile ya mkono ni ya kukupeleka kaburini."

Alikuwa na sababu, na sitaki mtu amwone mjinga. Miaka ya nyuma alikuwa akishuka kutoka Bahati na gunia la kabichi, mvua imetoka kunyesha, akavuta breki ya mbele kwenye tope. Pikipiki ilimrusha. Meno mawili ya mbele yalibaki huko, na mpaka leo akicheka anafunika mdomo kwa mkono. Tena si yeye peke yake. Pale steji yetu Kaptembwo karibu kila mtu aliendesha hivyo, waya umefungwa kando. Nimebeba watu kwa boda miaka mingi kwa breki ya mguu tu, na sikuwahi kuangusha abiria hata mmoja. Huenda ilikuwa bahati tu. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye nilipata pikipiki nyingine kuukuu, ya kwenda kasi, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama Nakuru. Hiyo ilikuwa ya Jumapili. Tulikuwa kikundi kidogo, tunatoka mjini baada ya kanisa, tunapita Gilgil na Naivasha mpaka Mai Mahiu, tunakunywa chai kwenye kibanda kati ya malori, tunarudi. Mimi ndiye nilikuwa natangulia. Wenzangu walisema nina moto. Nikifikiria leo naona kwamba niliijua tu ile barabara: mahali malori yanamwaga mafuta, mahali punda wanavukia, jinsi dereva wa lori anavyosogea kidogo kabla hajakuingilia. Sijui kama hiyo ni kasi. Wakati huo niliamini ni kasi.

Jumapili moja pale kibandani alikuja mzee amebeba helmeti kwapani. Alikuwa ametufuata kutoka Naivasha. Hakusalimia mtu. Aliinama akaweka kiganja kwenye diski ya breki yangu ya mbele.

"Baridi," akasema. "Umeshuka namna ile na diski ni baridi kama soda. Unasimama na nini, kijana?"

"Na mguu, mzee."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kama unaenda hivyo na mguu peke yake," akasema, "nataka kuona utaenda aje ukipata mkono."

Mzee huyo alishindana mbio za lami ujanani, na sasa alikuwa anafundisha watu wa klabu moja, kila Jumamosi, kwenye uwanja wa ndege ndogo uliobaki katika shamba la zamani la mzungu nje ya mji. Maneno yake ndiyo yaliniingiza kwenye mbio. Bado sijajua kama alikuwa ananisifu.

Pikipiki yangu ya Jumapili ilikataliwa mapema. Fremu ilikuwa imeunganishwa kwa welding, haingekubaliwa kwenye mashindano yoyote. Lakini klabu ilikuwa na pikipiki moja ya mbio ambayo ingempa mtu mmoja asiye na yake, aitumie msimu mzima. Nani atapewa, mzee angeamua. Tuliokuwa tunaitaka tulikuwa wawili.

Mwingine alikuwa msichana, binti wa mfanyabiashara mwenye maduka mjini. Babake alimkataza kabisa kuendesha barabarani, kwa hiyo kila alichojua alikijua pale uwanjani, kutoka kwa mzee. Ningependa kuandika mabaya juu yake. Nimetafuta, na yaliyopo ni haya: helmeti yake peke yake ingenunua boda nzima, na alikuwa na mdomo. Chai ya chupa yake alitugawia sote. Akianguka aliamka akauliza amekosea wapi, kabla hata ya kujipangusa.

"Boss, leo umekuja na kabichi?" aliniambia asubuhi moja, maana jani lilikuwa limebaki kwenye keria ya boda niliyokuja nayo.

"Nimekuachia nafasi hapo nyuma," nikamwambia. "Lakini ni bei ya mvua, mara mbili."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka pia, ila hilo jani nililitoa, na tangu siku hiyo nikawa naosha keria kila Ijumaa jioni.

Mzee alinifundisha kwa njia ileile ya ndugu yangu, ila kinyume. Kwenye ile pikipiki ya klabu aliitoa pedali ya breki ya nyuma kabisa, akaitia mfukoni. "Sasa mguu hauna kazi," akasema. "Vidole viwili. Usinyakue. Hujawahi kukamua ng'ombe? Basi kamua." Mwanzoni mguu wangu ulikuwa unakanyaga hewa kila kona, na mimi napitiliza mpaka kwenye nyasi za kondoo. Polepole mkono ukaanza kuelewa. Nikavuta, mbele ya pikipiki ikainama kama inasujudu, tairi ikang'ata lami, na nikajua miaka yote hiyo nilikuwa naendesha nusu ya pikipiki.

Shida ni kwamba niliyofundishwa Jumamosi, kuanzia Jumatatu niliyafuta kwa boda. Mzee akaniambia nirudishe ule waya, mkono ujizoeze kila siku. Nikaurudisha. Ndugu yangu aliuona akiwa anapita steji. Alikigusa kile kipande cha tyubu kilichobaki kikining'inia, akaenda zake.

Siku ya kuamua, mzee aliazima pikipiki ya pili inayofanana na ile, akatuambia tutatoka pamoja, na atakayemaliza mbele ndiye ataichukua. Pedali ya nyuma ilikuwa imerudishwa, maana sheria inataka breki zote mbili. Ndugu yangu alikuja. Sikumwita, sijui nani alimwambia. Alisimama kando ya mapipa, mkono mdomoni.

Nilitangulia. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa kujitetea. Nilitangulia mwanzo mpaka mzunguko wa mwisho, na kila kona mkono ulifanya kazi yake. Kisha kwenye kona ya mwisho wa uwanja nikasikia injini ya msichana upande wa ndani. Vidole vilikuwa tayari kwenye breki. Nakumbuka vikifunguka. Vilifunguka vyenyewe, kama mtu ameniambia niache, na mguu ukakanyaga kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma likajifunga, likaenda upande, nikaingia kwenye nyasi. Sikuanguka. Msichana akapita.

Nilimuuliza baadaye kama alinigusa. "Sikukukaribia, boss," akasema, bila mzaha safari hii. "Nilikuwa nimekata tamaa." Namwamini. Ningekuwa mimi ningekuwa nimekata tamaa pia.

Mzee alikuja kwa miguu, akaitazama pikipiki kabla ya kunitazama mimi. "Kuna kitu kimeharibika?"

Ningeweza kusema pedali ilikwama. Ilikuwa imefungwa upya asubuhi hiyo, angeamini. "Hakuna," nikasema.

"Mkono umejifunza," akasema. "Ni mguu haujasahau." Akaenda kumpa yule msichana mkono. Siku kadhaa nilijaribu kuamini kwamba ni maduka ya babake yaliyoshinda. Haikuwezekana. Alimaliza mbele.

Ndugu yangu alinikuta nimekaa nyasini. Alikuwa amekimbia, anahema. "Umeona?" akasema. "Umeona mguu ulivyokuokoa? Ungeshika ile ya mbele saa hii tungekuwa tunaokota meno yako hapa." Alikuwa anacheka, na mkono wake ulikuwa begani mwangu, si mdomoni. Sikumbuki mara nyingine nimeliona lile pengo lake.

"Ndiyo," nikamwambia. "Umeniokoa."

Jumatatu nilibeba mathe mmoja kwenda Bahati, mama mtu mzima, abiria wangu wa siku nyingi, na kikapu cha kuku watatu. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Tumeacha lami, tunashuka mteremko, ndama akatoka kwenye mahindi akasimama katikati ya njia. Na mkono wangu ukatoka. Vidole viwili, polepole, kama kukamua, hivyo hivyo nilivyofundishwa. Sijawahi kuvuta breki vizuri kama nilivyovuta pale. Gurudumu la mbele likateleza kwenye tope, tukalala chini ubavu, taratibu, kama tunalazwa kitandani.

Hakuna aliyeumia. Kuku mmoja alikimbilia mahindini na ndama hakusogea hata kidogo. Mathe aliinuka, akajitazama tope kutoka bega mpaka kiatu.

"Boss, si wewe ndiye unasemaga hujawahi kuangusha mtu?"

"Ni mimi, mathe."

"Basi leo umeanza."

Tulimshika yule kuku pamoja. Nilimwambia apande nimfikishe bure. Akasema hapana, amekaribia, atatembea tu, na hakusema kwa ubaya. Nilimtazama mpaka akapinda kona. Kisha nikatoa spana chini ya kiti, nikaufungua waya wa breki ya mbele, nikaukunja, nikaufunga kwa kipande kile kile cha tyubu ambacho sikuwahi kukitupa.

Uwanjani sijarudi. Nasikia yule msichana anaendelea vizuri, na nasema anastahili, nikiulizwa. Ila kila nikikaribia kona, iwe Kaptembwo, iwe wapi, vile vidole viwili bado vinatoka. Vinashika, vinavuta polepole, kama vilivyofundishwa, na hakuna kitu upande wa pili wa waya.