Mwenye Mzigo Hasimami

Nitalisema mara moja ili lisinikwame kooni: mimi ndiye yule mtu aliyewamwagia wakwe zake mafuta ya mawese siku ya posa, mbele ya mtaa mzima, na kama mmewahi kukaa Keshero, mjini Goma, basi kisa hiki mmeshakisikia kwa wengine, tena kikiwa kimetiwa chumvi (eti nilipaa juu ya ukuta, uongo, sikupaa, nilibingirika tu kama gunia). Leo niacheni nikieleze mwenyewe, maana wanaokieleza huanzia pale mteremkoni, na mimi najua kilianzia mbali sana, mtoni.

Nimezaliwa kando ya reli, ile inayofuata Lualaba kutoka Ubundu kwenda Kisangani, mahali ambapo mto una maporomoko na mashua haziwezi kupita. Nilipopata akili garimoshi lilikuwa linapita kwa bahati, na vita vilipokuja halikupita tena kabisa, mataruma yakaota uyoga, majani yakafunika vyuma, na kando yake ikabaki njia nyembamba ya kutosha tairi moja, mto huku, reli iliyokufa kule. Hapo ndipo nilipouacha ujana wangu. Baada ya sekondari (nilimaliza, ingawa cheti kiliungua pamoja na shule yenyewe) nikawa msukuma baiskeli, mawese na mchele kwenda, chumvi na sabuni kurudi, na asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji ulikuwa unasikia wenzako tu, huwaoni, unasikia minyororo yao ikilia mbele yako.

Njia ile ilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na hata askari waliifuata. Mwenye mzigo hasimami. Baiskeli yenye bidoni nne, yale madumu ya mafuta, ikishasimama kuiondoa tena ni kazi ya watu watatu, kwa hiyo mwenye mzigo anapiga kelele "Njia!" na asiye na mzigo anapanda juu ya mataruma, anampisha. Na kama ni mlimani, yule aliyempisha anamsukuma mwenzake hatua chache kabla ya kushika safari yake. Niliwaona hata wakimbizi, watu waliotoka mbali hadi viatu vyao vilikuwa vimebaki kamba tu, wakipisha, wakisukuma, kisha wakiendelea kutembea bila kusema neno.

Siku vita vilipovuka mto baiskeli yangu ilichukuliwa na watu wenye bunduki (walinishukuru, jambo ambalo mpaka leo linanichekesha), nami nikaenda kwa miguu, Lubutu, Walikale, Masisi, mahali pengine nikidandia lori, mahali pengine nikilala porini wiki nzima nikingoja risasi zinyamaze, mpaka nikatokea Sake na kuona lile ziwa la Goma. Nilidhani ni mto. Nilisimama barabarani kama mjinga nikitafuta maji yanaelekea upande gani.

Nikakaa Lac Vert, pembeni mwa mji, miaka minane, nikibeba magunia ya maharagwe kwenye depo. Jirani yangu alikuwa Kambale, mtu wa Butembo, mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma nzima inabebea kila kitu, unapiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu wa pili, na kwenye mteremko unasimama na kuiachia. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu nyuma, unakikanyaga kikasugua gurudumu. Basi.

Msikitini nikajuana na muzee Ramazani, mfanyabiashara wa vitenge mwenye asili ya Maniema. Alipokuwa mdogo baba yake alimsafirisha kwa mashua kutoka Kindu, halafu kwa garimoshi lile lile la kwetu, na hilo hakulisahau. Aliponisikia nikitaja Ubundu akanishika mkono, akanipeleka kwake Keshero, akanikalisha.

"Eleza," akasema. "Pale reli inakunja karibu na mto, maji bado inaonekana?"

"Inaonekana, muzee."

"Na ile kelele ya maporomoko?"

"Usiku unaisikia mpaka kitandani."

Alifumba macho. Nikawa naenda kila Ijumaa baada ya sala, namweleza njia kipande kwa kipande, na binti yake Mwajuma analeta chai, anasimama mlangoni anasikiliza. Mwajuma alikuwa na macho ya mtu anayekupima uzito. Siku moja, muzee akiwa ameingia ndani, akaniambia, "Weye unawaza mto kila siku. Mutu akikuwaza weye, atakupata wapi?"

Tangu siku ile nikawa nawaza vitu viwili badala ya kimoja.

Nilipoomba kuleta posa muzee hakukataa. Aliniuliza swali moja tu: "Unakaa, ao unapita?" Nikasema nakaa. Nilisema haraka mno, naye akasema sawa, lete wazee wako. Sikuwa na wazee, nikaazima wawili msikitini. Na zawadi nikaziagiza kwetu, ndiyo, kwetu kabisa, zikachukua mwezi na nusu njiani: bidoni mbili za mawese na gunia la mchele. Nilitaka muzee aonje kile nilichokuwa namweleza.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniponza. Kambale alikuja asubuhi na chukudu yake, amevaa shati safi, tayari kunibebea. Wale wazee wawili walikuwa wametangulia kwa pikipiki kuwaambia wakwe kwamba mchumba anakuja nyuma. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo nikasikia kinywa changu kikisema, "Lete, naibeba mwenyewe."

"Weye?" Kambale akacheka. "Na hiyo kanzu?"

"Nimebeba bidoni nne kwenye njia ya tairi moja, mto unanitazama. Utanifundisha mzigo?"

"Ndugu yangu, hii haiko kinga. Ukianza kushuka, kanyaga breki mapema. Usingoje."

Kinga ni baiskeli kwao. Nikamwambia asijali, nikakunja kanzu nyeupe kiunoni, nikiwa na viatu vyangu vipya (vyenye soli laini kama sabuni, nilivisugua usiku kucha) nikapiga goti nikaondoka, yeye akinifuata kwa miguu huku akiomba Mungu kwa Kinande.

Barabara kubwa nilienda vizuri, watu wakanipungia. Nikafika pale njia ya kwa muzee inapokunja kushuka ziwani. Nisikilizeni hapa, maana hapa wanaoeleza wote hukosea. Wanasema breki ilikatika. Haikukatika.

Nilisimama kileleni nikatazama chini. Njia ilikuwa nyembamba, mawe meusi ya volkano, magari yamechimba mistari miwili iliyonyooka mpaka chini, na mwisho wake, kati ya nyumba, maji yanang'aa. Na mafuta yalikuwa yamepata jua, yananukia. Jamani, harufu ile. Miaka minane haikuwepo, nilikuwa na miaka ishirini, ukungu unapanda, minyororo inalia mbele yangu. Nikapanda juu ya ule ubao, nikaiachia.

Kwa muda mfupi nilikuwa kwetu.

Kisha nikawaona. Wakwe walikuwa wametoka nje kunipokea, wamejipanga kuvuka njia nzima, wanaume mbele na kanzu zao za Ijumaa, wanawake nyuma, muzee Ramazani katikati. Mtu mwenye akili angekanyaga breki. Mimi nikafanya nilichofundishwa na mto: nikapaza sauti, "Njia! Njiaaa!" nikingoja wapande juu ya mataruma.

Wanawake wakasikia mchumba anapiga kelele kwa furaha, wakajibu kwa vigelegele. Nikaongeza sauti, nao wakaongeza vigelegele. Mmoja akaanza kucheza. Nikageuka kutafuta breki, kiatu kikateleza juu ya ile tairi, kanzu ikafunguka ikanasa kwenye gurudumu, na kitu cha mwisho nilichokiona ni muzee Ramazani akifungua mikono miwili kunikumbatia.

Alinipata. Alinipata mimi, chukudu, gunia na bidoni moja iliyopasuka juu ya jiwe.

Nilipofumbua macho kulikuwa kimya. Kanzu zote za mbele zilikuwa nyekundu mpaka magotini, wale wazee wangu wa kuazima walikuwa wanatembea kwa haraka kuelekea upande mwingine, na kuku wa mtaa mzima walikuwa wamefika kwenye mchele. Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ee mama! Amekuja na pilau, ameipikia mu barabara!" na Keshero ikapasuka kwa kicheko. Kambale alifika akihema, akaitazama chukudu yake kwanza, mimi baadaye.

Muzee hakucheka. Alikuwa ameketi chini, kofia imelowa. Akachovya kidole kwenye kanzu yake, akakitia mdomoni. Akakaa hivyo, kidole mdomoni kama mtoto mchanga, machozi yakamtoka. "Ya kwetu," akasema. "Haya ni ya kwetu kabisa."

Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia.

"Juu kule ulikuwa unacheka. Nilikuona. Mbona haukusimama?"

"Muzee, kwetu mwenye mzigo hasimami."

Nikaona uso wa Mwajuma nyuma yake, na nikaelewa nilichokisema. Miaka minane mjini mwake, siku ya kuomba mkono wake, na neno kwetu bado liko mtoni.

"Mafuta ni kazi ya sabuni," muzee akasema akiinuliwa. "Rudi Ijumaa. Kuja na miguu, mikono mitupu. Nitakuuliza tena lile swali langu, na siku hiyo usijibu haraka."

Kumbe ulikuwa msamaha. Mtu mwingine angebusu ile mikono yenye mafuta. Mimi Ijumaa ilipofika nilioga, nikavaa, nikafika mpaka kwenye depo, mama mmoja muuza mkaa akaniita kwa jina langu jipya la mtaani, "Treni! Mafuta ya leo iko wapi?" nikarudi nyumbani. Nilijiambia ni aibu ya watu. Haikuwa aibu ya watu. Swali la muzee lilikuwa limelala nami kitandani wiki nzima na kila nilipoligeuza lilijibu mto. Ijumaa ya pili nikajifanya mgonjwa. Ya tatu sikujifanya kitu.

Halafu vita vikateremka tena. Tulisikia mizinga nyuma ya milima ya Masisi, na watu wakaanza kupita Lac Vert na magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, bibi juu ya chukudu ya Kambale, wakienda kujaza viwanja vya shule na vya misikiti mjini. Nikasikia kuna mashua za Bukavu, na Bukavu kuna malori ya upande wa Kindu. Nikafunga mfuko mmoja mdogo. Kila aliyekuwa barabarani alikuwa anakimbia kitu, nami nikaingia katikati yao ili nifanane nao.

Pale juu ya ile njia ya Keshero msongamano ukanisukuma kando, nikaingia mteremkoni ili nipite chini, karibu na ziwa. Na nikamwona anapanda. Mwajuma, na bidoni ya maji kichwani, anawapelekea wakimbizi waliojaa kiwanja cha msikiti. Bidoni ilikuwa ile ya pili, iliyopona, mdomo wake bado mwekundu.

Tukakutana katikati, mahali pembamba. Alikuwa anahema. Akautazama mfuko wangu, akajua.

"Baba alikungoja Ijumaa tatu," akasema. "Alikuwa anakuwekea kiti."

Nikausogeza mfuko nyuma ya bega.

"Basi njia, papa," akasema taratibu, kama anavyoambiwa mpita njia yeyote. "Mwenye mzigo hasimami."

Nikapanda juu ya mawe, nikampisha. Akapita karibu hata nikasikia maji yakigonga ndani ya bidoni. Nilisimama nikimtazama akipanda, shingo imenyooka, hatua kwa hatua, na mlima ulikuwa mkali, nami mikono yangu ilikuwa mitupu, mfuko wenyewe ulikuwa begani. Nilimngoja ageuke. Mtu mwenye bidoni kichwani hageuki.

Mpaka mashua imetoka, Goma imekuwa mstari mweusi na moshi wa volkano juu yake, ndipo nilipokumbuka nusu ya pili ya ile sheria, ile ambayo hata wakimbizi wasio na viatu hawakuisahau. Tangu siku hiyo, mahali popote ninapopita, nikimwona mtu na mzigo mlimani naweka mkono bila kuuliza jina. Nimesukuma wengi. Yule niliyetakiwa kumsukuma alipanda peke yake.