Ili Nikae Hadi Jioni

Mama yangu alikuwa mtu wa jioni. Mchana maneno yake yalikuwa ya mkato: lete maji, fungulia mbuzi, umekula? Lakini jua likishazama, na ugali wa mtama ukishaliwa kwa mlenda, alifunguka. Alitusimulia kwa Kigogo habari za miaka ya njaa, za ndoa za watu, za baba alivyokuja kuposa na viatu vya kuazima, na tulicheka mpaka usingizi ukatukuta palepale. Tulipokua, ndugu zangu wakaenda mbali, baba akafariki, na mimi niliyebaki karibu nikawa namwona mama mchana tu.

Sababu ilikuwa taa za gari. Kagari kangu nilikanunua kakiwa kamechoka, na taa za mbele zilikuwa zimefubaa na kuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Giza likiingia zilimulika hatua chache tu, na barabara ya Haneti, kijijini kwa mama, jioni ina ng'ombe wanaorudi nyumbani na baiskeli za mkaa zisizo na taa. Kulala kwa mama siwezi, maana mimi ni mlezi wa bweni la wasichana huku Chimwaga, Dodoma, na Jumapili alfajiri nina zamu. Kwa hiyo kila Jumamosi, ikifika saa kumi, nilinyanyuka. Mama alisema nisubiri kidogo nile, nami nikamjibu kwamba giza litanikuta njiani.

Fundi alitaka ninunue taa nyingine. Jirani akanishauri nisugue kwa dawa ya meno. Nilimaliza tyubu nzima, gari likanukia vizuri, na baada ya wiki rangi ya njano ikarudi palepale. Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema nitazing'oa mwenyewe.

Nilifungua bampa kwa bisibisi na spana ya kuazima, nikavunja klipu mbili, nikachomoa nyaya za balbu na kuzitoa taa zote mbili. Niliketi nazo barazani na ndoo ya maji, nikaanza kusugua kwa msasa wa maji, ule mkali kwanza. Maji yalitoka ya njano, kisha meupe kama ya kuoshea mchele. Taa zenyewe zikawa nyeupe pe, mbaya kuliko mwanzo, nikajua nimejiharibia. Lakini sikuwa na pa kurudi. Nikaendelea na msasa laini, na ulio laini zaidi, kisha polishi na kitambaa, mpaka mabega yakafa ganzi. Kila nilipochoka nilimwaza mama akiongea kwenye giza, nikasugua tena.

Ilibaki kupuliza vanishi ya kuzuia jua. Upepo wa Dodoma ungezijaza vumbi kabla hazijakauka, basi nikazipuliza bafuni, dirisha wazi kidogo, nikatoka nakohoa kama mzee. Kesho yake nilipozirudisha garini zilikuwa angavu, unaona balbu ndani. Niliona fahari kupita kiasi.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi ilipofika, mama alinyanyuka kabla yangu na kuniletea kifurushi cha karanga za safari. Nikamwambia leo siondoki, nimetengeneza taa, nitakula naye. Akatazama jua, akaniuliza kama kuna tatizo kazini.

Nilisonga ugali mwenyewe. Yeye alikuwa ameshakula, siku hizi anakula mapema, ila alimega matonge mawili kwa ajili yangu. Giza likaingia. Nikakaa karibu naye, nikamwomba aniambie chochote, hata habari za majirani, lakini kwa Kigogo. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka kwa usingizi. Akajikaza, akanijibu kwa Kiswahili, kama anavyosema na wageni.

"Mwanangu, mazungumzo ya jioni niliyaacha. Ningeongea na nani?"

Hakuwa ananilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hafugi tena kuku. Akanitakia safari njema, akaingia ndani kulala. Mimi nikabaki nje na sufuria ya mlenda, saa mbili haijafika, nikimtamani mama yangu aliyekuwa nyuma ya ukuta.