Makaa ya Mbodze

Mlinzi wa nyumba kongwe ya shamba, pale nje ya Kau, alikuwa na viganja vyeupe vya chokaa visivyotakata hata kwa sabuni. Kila asubuhi aligonga boriti za mikoko kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kila jioni aliipapasa nakshi ya mlango polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mbodze, mkewe, aliyaona hayo kwa jicho la mke mwenza. Tangu serikali ipigilie bango la kuihifadhi nyumba ile na kukataza watu kukaa wala kupika humo, nyumba ilipata mume, na yeye akabaki na paa linalovuja. Kisha makaa yakaanza kupotea jikoni mwake. Alasiri moja akamfuata mumewe, sufuria kichwani. Alimkuta amechuchumaa ukumbini, anapepea moto kwa ncha ya kikoi ili moshi upande kwenye makuti, huku akikohoa na kunong'ona, "Vumilia, bibi, mchwa watahama." Nyumbani maneno kama hayo hayakuwahi kusikika.

"Kumbe makaa yangu yanaletwa huku," Mbodze alisema.

"Nyumba isipopikwa ndani huliwa na mchwa," alijibu bila kugeuka.

"Basi tupike." Akatua sufuria juu ya moto, bango liwepo lisiwepo.

Hapo ndipo mumewe alipoinua macho. Mbodze akangoja.

"Isogeze huku kidogo," alisema kwa upole, "masizi yasije yakachafua ukuta."