Jiko la Darasa la Tatu

Hakuna mtu pale kijijini Ha Lephoi aliyelitaka lile jiko kuliko Mè Mathabang; Mè kwetu ni mama. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mjane, mfupi, mwenye sauti iliyopenya ukuta wa mbao uliotenganisha chumba chake na changu. Mimi nilifundisha la tano. Akiwachekesha watoto wake, na wangu walicheka.

Februari ya mwaka ule mvua ya mawe ilivunja vioo vyote vya upande wa kusini. Ofisi ya wilaya ikasema vioo vitaletwa. Mei ikaingia, maji ya ndooni yakawa yanaganda mpaka saa nne asubuhi, na vioo havijaonekana. Tukapigilia mifuko ya mbolea madirishani, nyufa tukazijaza matambara. Majira ya baridi yaliyotangulia, nusu ya darasa lake walibaki nyumbani wakafeli mtihani.

"Mwaka huu habaki mtu," Mè Mathabang alituambia.

Akapanda farasi mpaka kwa mzee mmoja kule bondeni aliyekuwa amefunga duka, akamsumbua mpaka akapewa jiko la chuma la makaa ya mawe. Wazazi walilileta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ntate Mokone, baba mmoja fundi wa mabati, akatoboa paa akasimamisha bomba. Kila asubuhi watoto sitini na wanane wakawa wanakuja na vya kuwasha: huyu kibonge cha makaa, yule samadi kavu chini ya blanketi alilojitanda.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Wanafunzi wangu, vidole vimekufa ganzi, walinililia: "Mwalimu, turudishe la tatu! Hata ukisema tumefeli, sawa tu!"

Theluji ikaanguka, ikayeyuka, maji yakashuka na bomba na kulowesha madaftari. Mè Mathabang akamwita fundi. Ntate Mokone akalivisha bomba kopo kubwa kichwani, akalikaza kwa waya.

"Sasa hata tone halipiti, Mè."

"Mungu akuzidishie, Ntate."

Moshi nao ukakosa pa kupita. Sehemu yake tuliiona: macho mekundu, makohozi meusi, ukungu mwepesi chini ya dari. Hatukushtuka. Nani hakohoi wakati wa baridi? Nyumbani kwetu sote moto unawaka katikati ya chumba. Kilichotushangaza ni usingizi. Ikifika saa tano, darasa la tatu zima linasinzia, nami nasikia kupitia ukutani akipiga meza: "Amkeni! Mna nini nyie, mmelishwa dawa?" Aliwasimamisha kwa mguu mmoja. Aliwafinya masikio. Hayo aliniambia mwenyewe baadaye, na hakuongeza neno la kujitetea.

Alhamisi moja alimwona Puseletso amelaza kichwa juu ya dawati. Puseletso alikuwa na miaka tisa, kifua kilimbana tangu alipokuwa mchanga, na aliishi na bibi yake kwa sababu mama yake anashona nguo kiwandani Maseru.

"Simama."

"Kichwa kinaniuma, Mè."

"Hesabu zikianza tu, kichwa kinauma. Simama!"

Mtoto akasimama. Kisha akaanguka, na benchi likaanguka naye. Wawili wa nyuma wakaanza kutapika. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni, nikapiga kelele kuwaita walimu wenzangu. Tuliwaburuta nje mmoja mmoja, tukawalaza kwenye nyasi zenye barafu. Wengine waliamka wakilia. Puseletso hakuamka. Mè Mathabang alimfunga mgongoni kwa blanketi kama mtoto mchanga, akapanda farasi, akaenda naye zahanati, mwendo wa saa tatu.

Muuguzi alimwekea mtoto hewa ya mtungi, kisha akamgeukia mwalimu.

"Mlikuwa mnachoma nini?"

"Makaa ya mawe."

"Madirisha?"

"Tumeyaziba."

"Na bomba?"

"Nimeliziba mimi. Maji yalikuwa yanaingia."

"Ile hewa ya makaa haina harufu, Mè. Inaanza na kichwa, inafuata usingizi. Hao watoto walikuwa hawasinzii. Walikuwa wanakufa kidogo kidogo."

Aliporudi hakwenda kwake. Aliingia darasani peke yake, akazima jiko kwa ndoo ya maji, akang'oa mifuko yote ya mbolea kwa mikono mpaka misumari ikamchana. Upepo ukaingia ukakaa.

Jumatatu wazazi walijaa uwanjani. Baba mmoja aliyekuwa ameswaga ng'ombe wa mkokoteni uliobeba jiko alisimama mbele.

"Juzi ulitutuma makaa, leo unatugandishia watoto. Kesho utatuambia nini, Mè? Tuwalete uchi?"

"Ntate, ile hewa ingewaua."

"Na baridi inawabembeleza?" mwanamke akadakia. "Wewe blanketi lako zito. La mwanangu unaliona?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mwalimu mkuu alisema ameandika barua wilayani. Alikuwa ameandika tatu, na hakuna iliyojibiwa. Baada ya siku ile watoto wakaanza kupungua, mpaka darasa likabaki na thelathini.

Puseletso alirudi Agosti, baada ya likizo. Alikuwa amekonda, na akipanda ngazi mbili za mlangoni ilimbidi apumzike. Muuguzi alikuwa amesema asikae penye moshi kabisa. Lakini nyumbani kwa bibi yake, Nkhono Mamoliehi, samadi iliwaka ndani mchana kutwa. Bila hivyo wangeganda. Shuleni, Mè Mathabang alikuwa amelivua bomba lile kopo na kuanza tena kuwasha moto mdogo kwa muda wa saa moja tu asubuhi, madirisha mengine ameyaziba tena, mawili yakiwa wazi, maana watoto walishindwa hata kushika kalamu. Kwa hiyo akamweka Puseletso karibu na mlango, mbali na jiko, kwenye hewa safi. Akamvika blanketi lake mwenyewe juu ya lile la mtoto. Yeye akafundisha kwa sweta, anatetemeka.

Wiki ya pili mtoto akapata homa. Ya tatu hakuja. Siku ya Ijumaa tukasikia amefariki, na kadi ya zahanati iliandikwa neno moja tu: kifua.

"Ni moshi au ni mlango?" Mè Mathabang aliniuliza. Tulikuwa tumesimama nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee ambapo watoto hawangemwona. "Wewe umesoma. Niambie. Ni jiko langu, au ni mlango niliomweka?"

Nikamwambia ni Mungu. Akaniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu.

Baada ya mazishi Nkhono Mamoliehi alileta shuleni madaftari ya mjukuu wake. Mè Mathabang alipiga magoti mbele yake, mavumbini. Bikizee hakumwinua wala hakumtukana.

"Inuka, mwanangu, watoto wanakuona," alisema tu. "Na mimi nilimkalisha kwenye moshi. Ningemweka wapi?"

Vioo vilifika Novemba, jua likiwa kali. Mè Mathabang alifundisha mwaka mmoja zaidi, kisha kikohozi chake mwenyewe kikamrudisha nyumbani. Hakuwahi tena kuchekesha darasa, au kama alichekesha, mimi sikusikia.

Chumba kile sasa ni changu, na jiko lile bado limo. Jana watoto wawili walisema kichwa kinawauma. Nikawatoa wote nje, hata wazima, tukasoma hadithi uwanjani kwenye upepo, wamejikunyata kama kuku, meno yanagongana. Mmoja akaniuliza tutarudi ndani lini. Nikamwambia asome.