Supu ya Fundi Makochi

Mama Sufuria alikuwa mpishi wa shule, na jina hilo walimbandika wanafunzi. Nyumbani nako jiko lilikuwa lake peke yake. Mumewe, fundi makochi, alijua kuchemsha maji ya kunyolea ndevu, basi.

Mama Sufuria alipopasuliwa kuondolewa uvimbe kwenye kizazi, alirudi nyumbani amenywea, anatembea ameshika tumbo. Nesi alimwagiza aanze na uji mwepesi na supu, na asinyanyue kitu kizito. Dada yake alikuja kumpikia uji, lakini mgonjwa alionja kijiko kimoja, viwili, akageukia ukutani.

"Sina hamu," alisema. Kumbe aliona aibu kulishwa, yeye aliyezoea kulisha watu.

Dada alipoondoka, fundi alifunga aproni ya mkewe, ikamfika katikati ya kifua. Alinunua mifupa ya ng'ombe yenye uboho, akaiosha, akaibandika kwenye moto mdogo, akaenda kupigilia kochi la mteja uani. Nyumba nzima ikanukia tangawizi.

"Umeengua povu?" mkewe aliuliza kutoka chumbani.

Fundi alichungulia mlangoni, nyundo mkononi. "Povu lipi?"

Mama Sufuria alicheka, akakumbatia mto tumboni. "Usinichekeshe, baba watoto, utanifumua!"

"Nikikufumua nitakushona. Uzi ninao."

Alimletea bakuli. Tangawizi ilizidi, chumvi haikuwamo kabisa. Mkewe alikunywa, na alipofika nusu, machozi yakamtoka.

"Mbaya kiasi hicho?"

"Hapana. Tangu mama afariki, ukiacha uji wa dada, hakuna aliyenibandikia sufuria."

Fundi akamwongezea supu.

Asubuhi alikuja mbio na sufuria mkononi. "Imeharibika! Imeganda kama gundi!"

"Hiyo ndiyo nguvu ya mifupa, mume wangu. Pasha moto tu."

Baada ya supu yakaja mayai, mchicha, papai lililoiva, wali uliopikwa ukalainika mno. Kidonda kilikauka vizuri, rangi ikamrudia usoni.

Aliporejea kazini, sufuria kubwa zilibebwa na wenzake. Jioni alimkuta mumewe anamenya viazi, nusu ya kiazi inakwenda na maganda. Ulimi ulimwasha. Lakini alivuta kiti, akavua viatu, akauliza chakula kitaiva saa ngapi.